Baharia wa Bahi

Wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa msiba, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, huku simu zinaita na watu wanaulizana jeneza litafika saa ngapi. Hutakiwa uwe mfupi. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hapa Bahi kazi hiyo huniangukia mara nyingi kwa kuwa mimi ni mwalimu, na watu wanaamini mwalimu hakosei tarehe.

Mwaka jana nilipewa kuandika wasifu wa jirani yetu, askari mstaafu wa JWTZ. Mwanawe wa kwanza akaniambia niweke tu kwamba alilitumikia taifa kwa uaminifu. Nikauliza alikuwa kikosi gani, akifanya kazi gani, alipelekwa wapi. Hakujua. Wadogo zake nao hawakujua. Mama yao alikuwa chumba cha pili, amekaa mkekani, kazungukwa na wanawake wenzake, na hakuna aliyekuwa amefikiria kwenda kumuuliza.

Usiku ule nilimkumbuka babu yangu mzaa mama kuliko siku zote tangu tumzike. Jeshi letu lilizaliwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule yaliyoanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kuifanya serikali ilivunje jeshi ililolirithi kwa mkoloni na kuanza upya. Mwaka 2024 lilitimiza miaka 60. Vijana walioingia katika muongo wake wa kwanza sasa wana miaka sabini na kitu, wengine wamegusa themanini, na wanazikwa mmoja mmoja vijijini, kila mmoja na karatasi yake ya ukurasa mmoja. Babu alikuwa wa kundi hilo. Tena alikuwa baharia, na kwa mtu wa Bahi jambo hilo lilihitaji maelezo kila alipolitaja.

Anayeijua nchi yetu ataelewa kwa nini. Bahi iko magharibi mwa Dodoma, kwenye Reli ya Kati, kama kilomita 500 kutoka pwani. Mto Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa na kuja kufia kwenye mbuga yetu. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Jua linayakausha na kuacha chumvi. Wazee walikuwa wakikwangua udongo ule, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha, wakapata chumvi ya kula na ya kuuza. Mvua ni ya miezi michache, Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine haiji kabisa. Ugogoni tumezoea kuhesabu miaka kwa njaa: Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, bado inatajwa na watu ambao hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ilipopita. Babu alizaliwa pembezoni mwa mbuga hiyo, mwaka ambao cheti chake kiliukadiria kuwa 1949.

Kijijini kwao kulikuwa na mzee aliyerudi kutoka Burma, askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsimulia habari za bahari, na hazikuwa habari njema. Alimwambia juu ya meli iliyoondoka Mombasa imejaa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ikazamishwa wote wakiwa ndani. Nilipokua nikasoma, nikajua kwamba meli ile ni Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives Februari 12, 1944, ikielekea Colombo. Ilizama kwa dakika chache ikaondoka na watu karibu 1,300. Kwa hiyo babu aliijua bahari kwanza kama kaburi, akiwa mtoto mchunga mbuzi ambaye hajawahi kuona maji yanayomzidi kimo.

Basi ilikuwaje akaifuata? Nilimuuliza mara nyingi, na jibu lake halikubadilika: hakuifuata bahari, aliifuata injini. Utoto wake ulikuwa stesheni ya Bahi, akisikiliza vichwa vya treni vikihema kabla ya kuondoka kwenda Manyoni. Alipita JKT mwishoni mwa miaka ya 1960, akachukuliwa jeshini. Wachina walipotusaidia kujenga kituo cha wanamaji Kigamboni, ikafika 1971 wakitafutwa vijana wa kujifunza mitambo, yeye akajitokeza. Rafiki zake wa kambini walimwona amerukwa na akili.

Boti walizopewa zilikuwa boti za doria za Kichina za aina ya Shanghai, zenye urefu wa karibu mita 39 na injini nne za dizeli. Alifundishwa na wakufunzi wa Kichina kupitia wakalimani, na hadi uzee wake kulikuwa na spana alizoziita kwa majina ambayo sisi wajukuu tulidhani ni ya Kigogo cha zamani. Chumba cha injini kilikuwa cha moto, hakina dirisha, na kelele zake zilikuwa za kuzungumza kwa ishara tu. Humo ndani walikuwa Mgogo, Mmakonde, Mhaya na Mpemba. Mpemba ndiye aliyemfundisha kuogelea, jioni, karibu na gati, akimshika kidevu. Yeye naye alimfundisha Mpemba kula mlenda, kazi ambayo alisema ilikuwa ngumu zaidi.

Mimi hufundisha uraia darasani, na kila ninapofika kwenye mada ya umoja wa kitaifa, kitabu kinaniishia haraka. Kitabu kinasema makabila zaidi ya 120 yameunganishwa na lugha moja. Hakisemi kwamba kijana wa Bahi aliweka kidevu chake mkononi mwa kijana wa Pemba, juu ya maji asiyoyajua kina, miaka saba au minane tu baada ya Muungano. Umoja huo ulijengwa na watu waliokubali kutegemeana mahali ambapo mtu akikuachia unakufa. Hayo sikuyapata kwenye muhtasari wa somo, niliyapata kwa mzee mmoja aliyekuwa akichambua mchele.

Wasifu wake uliosomwa siku ya maziko ulisema alioa mwaka 1970, ukaendelea mbele. Hapo ndipo ninaposimama mimi, kwa sababu nusu ya utumishi wake ilifanywa na bibi.

Bibi alibaki Bahi. Mume alikuja likizo, akaondoka, akaacha mimba, akaja tena mtoto anatambaa na haamini kwamba mgeni huyu ni baba. Katikati ya likizo kulikuwa na barua. Zilikuja kwa treni, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, zilisomwa na karani mmoja pale karibu na stesheni. Karani alisoma kwa sauti ya mahubiri, kila aliyekuwa karibu akasikia. "Nilichoka kumsikia mume wangu kupitia mdomoni mwa mtu mwingine," bibi aliniambia. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilifika hadi vijiji vyetu. Bibi akajiandikisha kisomo. Alikwenda jioni, mtoto mgongoni, baada ya kutwanga, akafundishwa na kijana aliyemaliza darasa la saba.

Barua yake ya kwanza aliyoandika mwenyewe niliiona. Ilikuwa na sentensi mbili. Nyumba imehama. Ukija usiende kule. Ilikuwa wakati wa Operesheni Dodoma, watu wa Ugogo wakihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuingizwa katika vijiji vya ujamaa. Bibi aliliacha tembe alilolipiga udongo kwa mikono yake, akabeba mtoto, vibuyu na mbegu za uwele, akaanza kujenga mahali alipoonyeshwa. Mumewe alikuwa baharini upande wa Mtwara. Alipokuja likizo alishuka treni, akatoa karatasi mfukoni, akauliza njia ya kijiji kipya. Karatasi ile aliitunza kwenye sanduku lake la bati hadi alipokufa, ina doa la mafuta ya injini pembeni.

Kwa hiyo mimi hujisikia vibaya ninaposoma risala za mashujaa zinazomaliza habari za mke kwa kusema aliachwa na watoto kadhaa. Mwanamke huyu alimzika mama mkwe wake mwenyewe. Alilipa michango ya kijiji, alilima, aliuza mbuzi mwaka wa njaa, alimwandikia mume asiwe na wasiwasi. Jeshi lilikuwa na mtu mmoja Kigamboni na mwingine Bahi, na mshahara ulitolewa kwa mmoja.

Kazi yenyewe ya baharini hakuipamba. Hadi 1975 Msumbiji ilikuwa mikononi mwa Wareno, wapiganaji wa FRELIMO wakifunzwa Nachingwea, na mwambao wa kusini ulitakiwa kuwa na macho usiku kucha. Walikwenda hadi Mtwara na kurudi. Usiku mwingi, alisema, haukutokea chochote. Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera, babu alimsikiliza Mwalimu kwenye redio akisema sababu, nia na uwezo wa kumpiga vipo, na alitamani kupelekwa mbele. Akabaki bandarini, akilinda maji yaliyopitishiwa mahitaji ya nchi. Mdogo wake ndiye aliyekwenda vitani, akafika Kampala iliyoanguka Aprili 11, 1979, akarudi. Kijiji kilimpokea mdogo kwa ngoma. Kaka mtu alicheza ngoma hiyo kuliko wote, na hakuwa na kinyongo.

Watu humuuliza askari ameua wangapi. Babu alipoulizwa hivyo na vijana wa kijiweni alijibu kwamba kazi yake ilikuwa injini zisizime. Waliona amekwepa swali. Mimi naona alijibu sawasawa. Ulinzi wa nchi kwa sehemu kubwa ni mambo ambayo hayakutokea kwa sababu kuna mtu alikuwa macho, na mambo ambayo hayakutokea hayana medali wala hayaingii kwenye wasifu.

Kisa kimoja tu alikirudia kwetu. Ilikuwa msimu wa Kusi, upepo mkali, wakakuta kusini mwa Mafia mashua ya wavuvi iliyokuwa ikielea bila tanga. Watu waliomo walikuwa wamekauka midomo. Babu alipewa kazi ya kuwanywesha. Aliwapa maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, akiwanyima kila walipoomba zaidi, kwa sababu alishaambiwa kwamba aliyekaukiwa akinywa kwa pupa hutapika na kuzidi kuishiwa. Mmoja wao alilia akimtukana. Babu aliendelea na kifuniko chake. Kuzungukwa na maji hadi upeo wa macho, na uhai wako uko kwenye kifuniko: alisema mtu wa Bahi pekee ndiye angeweza kuelewa hilo bila kufafanuliwa.

Alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kurudi kwa treni na sanduku la bati, sanduku la spana, bunda la kamba, na masikio yaliyoharibiwa na injini. Akalima mpunga mbugani kama watu wengine, na mashine za kusaga za vijiji vya jirani zikapata fundi. Hapo ndipo na mimi ninaanza kumkumbuka kwa macho yangu.

Kumbukumbu ya kwanza iliyo wazi ni mvua za El Niño za 1997 kuingia 1998. Mbuga ilijaa ikawa ziwa. Mashamba yalitoweka, njia zikakatika, na watu wa upande wa pili wakawa hawafiki zahanati wala sokoni. Mitumbwi ya wavuvi wa kambale ikageuka vivuko. Babu, aliyekuwa hajashika kasia miaka mingi, alikwenda kusimama pale watu walipopandia. Alikataa mtumbwi kuondoka ukiwa na watu zaidi ya aliowahesabu yeye. Wenye mitumbwi walichukia, abiria walichukia zaidi, mama mmoja mwenye kuku wa kuuza alimwita mchawi. Hakusikia, au alijifanya hasikii. MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, imejaza kupita kiasi, mamia ya watu wakafa karibu kabisa na Mwanza. Siku ile ya habari, mama yangu anasema, babu alizima redio akatoka nje akakaa chini ya mbuyu hadi giza. Kwenye kivuko chake cha mbugani hakuzama mtu. Baadaye meli nyingine zilizama nchini, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018, na kila mara tuliunda tume, tukasema idadi ya abiria ilizidi. Sisi tuliokulia pale tulishaona kwamba usalama wa maji ni mtu mmoja anayekubali kuchukiwa asubuhi nzima.

Macho ya bibi yalianza kumsumbua zamani, tangu akiwa mama wa watoto wadogo. Ni vikope, trakoma, ugonjwa wa nchi kavu kama yetu, penye vumbi, nzi na maji ya kuhesabu. Vijidudu vyake hutoka kwenye uso mchafu wa mtoto, hubebwa na nzi, vidole na kanga ya mama. Ukiambukizwa tena na tena, sehemu ya ndani ya kope hufanya makovu, kope hugeukia ndani, na kila ukipepesa, nywele zake zinakwangua kioo cha jicho. Wanawake huugua zaidi ya wanaume kwa sababu ndio wanaolala na watoto na kuwafuta pua. Bibi alikuwa aking'oa kope zake kwa kikoleo kidogo, asubuhi mlangoni, kama walivyofanya wanawake wengi wa umri wake. Babu alimpeleka hospitali ya Mvumi, kusini mashariki mwa Dodoma, inayojulikana kwa matibabu ya macho. Upasuaji ulimwondolea maumivu, lakini makovu ya miaka mingi yalikuwa yameshaziba nuru. Kabla sijamaliza shule ya msingi alikuwa haoni.

Babu alichukua lile bunda la kamba. Alifunga kamba kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, kutoka chooni hadi chini ya mti walipokuwa wakikaa jioni, ikiwa kwenye kimo cha mkono wa bibi. Akaweka mafundo. Fundo moja maana yake kuna kizingiti. Mafundo mawili, umefika jikoni, moto uko kulia. Matatu, geuka. Alimtembeza juu yake siku ya kwanza, akamwachia ya pili, akasimama mbali. Majirani walikuja kutazama. Bibi akapika ugali wa uwele siku ile, akausonga mwenyewe. Kila msimu wa mvua ulipopita babu aliifungua kamba iliyooza akafunga mpya, na mafundo yakawa palepale.

Alifanya pia jambo ambalo huku kwetu mwanaume hulifanya kwa kujificha: alifua nguo za mkewe. Alizifua mchana, uani, akazianika kanga moja moja kwenye kamba. Wazee wenzake walimsema. Alisema jeshini alifua nguo za watu aliowajua kwa wiki mbili.

Mgeni akibisha hodi, bibi alimgonga babu gotini mara mbili, kwa sababu yeye hakusikia. Tulikua tukiona hivyo, tukadhani ndoa zote ziko hivyo.

Halafu kulikuwa na nyuso zetu. Kwenye wilaya ya Kongwa watafiti walikuwa wameonyesha miaka ya 1990 kwamba mtoto mwenye uso safi ana hatari ndogo zaidi ya kupata trakoma kali, na ujumbe huo ulifika kwetu kupitia wahudumu wa afya, pamoja na dawa iliyogawiwa kijiji kizima. Wengi walikunywa dawa wakasahau uso. Tatizo lilikuwa ndoo: maji yalichotwa mbali, nani atayamwaga kwa kunawisha watoto? Babu alitundika kibuyu chirizi kwenye nguzo, akatupanga asubuhi kwa urefu. Kila mmoja alipata kiasi kile kile, kichache mno, na kilitosha. Kwanza macho, kisha pua, mikono mwisho, maji yaliyobaki yanaangukia kwenye mche wa mpapai. Alisema ndani ya boti walinawa hivyo, wamezungukwa na Bahari ya Hindi yote. Aliponikagua macho aliniita mke mdogo, kama babu wanavyowatania wajukuu wa kike, na bibi kutoka kwenye kigoda chake akauliza huyo mke mwenzake amenawa au amejilowesha. Baadaye watoto wa majirani wakaanza kuja. Hakuwafukuza. Alichimba shimo la choo cha pili, akajenga kibanda cha kuwekea jivu. Hakuna aliyemtuma.

Naamini kwamba hili lilikuwa utumishi uleule. Hakubadilisha kazi alipovua magwanda. Alikuwa amefundishwa kugawa maji, kukesha zamu, kufunga fundo lisilofunguka, kuhesabu watu kabla chombo hakijaondoka, akaendelea kufanya hivyo mahali ambapo hapakuwa na afande wa kumwona. Tunapotaka kujua jeshi lilimfanya mtu kuwa nini, tutazame miaka yake baada ya kustaafu, tumuulize aliyelala naye nyumba moja.

Mwaka mmoja wa mpunga mzuri babu aliuza magunia akasema anampeleka bibi baharini. Watoto wao walipinga: mtu asiyeona anapelekwa kutazama nini? Alinunua tiketi za basi, mimi nikachukuliwa kwa ajili ya masikio yake. Tulivuka Magogoni kwa kivuko hadi Kigamboni, tukatembea hadi ufukweni, maji yalikuwa yanajaa. Bibi alivua viatu akaingia hadi magotini, ameshika mkono wa mumewe. Alisimama muda mrefu. Kisha akauliza, "Hili halinyamazi?" Babu hakusikia, ikabidi nimpigie kelele swali lile sikioni. Akamjibu kwamba hunyamaza kidogo alfajiri, kabla upepo haujaamka, na kwamba huo ndio wakati aliokuwa akimwandikia barua. Bibi akachota maji akayaonja, akatema, akasema chumvi ya Bahi ni bora.

Babu alifariki mwaka 2019, wakati wa masika, mbuga imejaa kidogo. Wakaja wastaafu wawili waliotumikia naye, mmoja kutoka Manyoni, mwingine kutoka Dodoma mjini, wamevaa suti na medali kifuani. Wasifu ulisomwa. Ulikuwa sahihi tarehe zote. Mchungaji alipotaka kuendelea, bibi akanishika kanga akaniambia nimsimamishe. Si kawaida huku kwetu mjane kusema kaburini. Alisimama. Hakusema mengi, na hakulia. Alisema mwanaume huyu alimfulia nguo mchana watu wakimwona. Alisema kuna kamba nyumbani kwake, anayetaka kuelewa aliolewa na mtu gani aende akaishike. Akakaa. Wale wastaafu wawili waliinuka wakampigia saluti mjane asiyeona, na mmoja akaniomba nimwambie bibi walichofanya, maana hawezi kujua. Nikamnong'oneza. Akasema amesikia viatu.

Watu kadhaa kweli walikwenda kuishika kamba ile jioni. Niliwaona wakihesabu mafundo.

Sasa nirudi kwa yule jirani wa mwaka jana. Niliacha karatasi mezani nikaenda chumba cha pili, nikachuchumaa mkekani, nikamwamkia mama yule, nikamwomba aniambie. Alinitazama kama anayeshangaa kwamba bado kuna mtu anayeuliza. Kumbe mumewe alikuwa mpishi wa kikosi. Alitembea kutoka Kagera hadi Uganda nyuma ya mapigano, akipika penye kuni na pasipo na kuni, na alirudi na desturi ya kutokula mpaka kila mtu nyumbani awe ameshika sahani. Watoto walikuwa wameiona desturi hiyo maisha yao yote, na hawakujua ilitoka wapi. Tulikesha. Wasifu ukawa wa kurasa nne. Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya mazishi akataka upunguzwe kwa ajili ya muda, na yule mwana wa kwanza, ambaye usiku alitaka sentensi moja, akasema atausoma wote, na akausoma.

Tangu wakati huo nimeanza kuwatafuta wastaafu wangali hai. Wapo Kigwe, wapo Ibihwa, wapo Chipanga na Chali: walinzi wa maghala, madereva, wapiga tarumbeta, wauguzi wa kijeshi, na wake zao, ambao mara nyingi ndio wenye kumbukumbu za miaka na majina ya mahali. Nakwenda na simu ya kurekodi sauti na daftari, na baadhi ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameanza kufuatana nami. Tunaanza kwa kuuliza waliamka saa ngapi na walikula nini, kwa sababu swali la ushujaa huwafunga midomo na swali la chakula huwafungua. Jumamosi hii tunakwenda Mundemu kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee ametuma salamu kwamba tufike mapema kabla jua halijawa kali. Mkewe ametuma salamu zake kando, kwamba tusimsikilize mzee peke yake.